Tumsubiri Baba Yake

Usiku mmoja wa masika, miaka mingi kabla sijastaafu, nilikuwa zamu katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoa huku pwani. Daktari kijana aliyekuwa zamu pamoja nami aliweka fomu ya ridhaa mbele ya mama mmoja, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa kutia sahihi. Mtoto wake wa kiume, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, alikuwa na homa kwa siku ya tatu, alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili njiani, na shingo yake ilikuwa imekaza kiasi kwamba ukimwinua kichwa mgongo wote unafuata. Daktari alitaka kumchukua maji ya uti wa mgongo. Yule mama aliitazama fomu, akanitazama mimi, akaivuta kanga yake begani, kisha akasema maneno ambayo kwa miaka 31 ya uuguzi niliyasikia mara nyingi kuliko aina nyingine yoyote ya kukataa: "Tumsubiri baba yake."

Baba yake alikuwa kijijini, mwendo wa saa nne kwa basi, na basi la kwanza lilikuwa la alfajiri. Daktari, ambaye usiku ule alikuwa peke yake kwa wodi tatu, alimwambia: "Mama, unataka mtoto afe?" Swali hilo nimelisikia likitoka katika vinywa vya madaktari wema kabisa, watu ambao wangeutoa mshahara wao kumnunulia dawa mtoto wa mtu wasiyemjua, na sijawahi kumwona mzazi akilijibu. Yule mama naye hakulijibu. Alitoa simu yake ndogo ya batani, akakuta haina salio, nikampa yangu. Aliyepokea upande wa pili alikuwa bibi mzaa baba, na nilimsikia waziwazi nilipokuwa nimesimama na trei yangu ya pamba na spiriti, kwa sababu aliongea kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto: "Wakimchoma mgongo utarudi na maiti!"

Jambo ambalo daktari alilijua, na mimi nililijua, na mama yule hakulijua, ni kwamba mtoto alikuwa ameshaanza kuchomwa sindano za antibiotiki tangu saa mbili usiku. Tungepata maji ya mgongo au tusingeyapata, dawa zile zilikuwa zinaendelea. Maji yalihitajiwa ili tujue kwa hakika kama ni homa ya uti wa mgongo, ni vijidudu gani vinavyoisababisha, na mtoto adungwe sindano kwa siku ngapi. Na kama hakuna kitu, basi tumwachishe sindano zisizo na maana. Ningeweza kumweleza hayo kwa sentensi nne, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha daktari. Sikumweleza, kwa sababu enzi hizo muuguzi hakumsemea daktari mbele ya mgonjwa, nami nililiheshimu hilo kuliko nilivyopaswa. Kwa hiyo mama alikesha akiamini kwamba ameombwa achague kati ya sindano ya mgongo na kifo cha mwanawe, na kwamba amechagua kifo.

Baba alifika saa tano asubuhi, viatu vikiwa na tope, akasikiliza kwa muda usiozidi dakika tano, akatia sahihi. Maji yalitoka yakiwa na ukungu kama maji ya mchele. Mtoto alidungwa sindano kwa siku kumi, akaondoka akitembea. Naanza na kisa hiki kilichoisha vizuri kwa makusudi, kwa sababu vile vilivyoisha vibaya humfanya msikilizaji aamue haraka nani alikuwa na makosa, na mimi nataka kwanza tuutazame mgogoro wenyewe jinsi unavyozaliwa.

Fomu ya ridhaa imeandikwa kana kwamba mzazi ni mtu mmoja, ameketi peke yake, ana mtoto wake na akili yake timamu, na kinachokosekana ni sahihi tu. Katika wodi nilizofanyia kazi, anayempakata mtoto na mwenye kauli juu ya mtoto walikuwa mara nyingi watu wawili, na wakati mwingine watano. Mama akitia sahihi peke yake na mtoto akapona, hakuna atakayemuuliza kitu. Akitia sahihi na mtoto akafa, anaweza kurudishwa kwao na lawama ambayo haitafutika hata akizaa wengine sita. Mama yule alikuwa anapima hatari mbili kwa pamoja, ya mtoto na ya ndoa yake, na daktari aliiona moja. Kwenye faili aliandika kwamba mzazi amekataa kipimo. Mzazi hakukataa, alisema hana mamlaka, na sisi hatukuwa na kisanduku cha kuandikia jambo hilo.

Niende kwa bibi wa kwenye simu, ambaye vijana wa siku hizi wangemcheka. Hofu ya sindano ya mgongo imeenea Tanzania, Kenya na Uganda, mijini na vijijini, na haikutoka hewani. Watoto wanaochukuliwa maji ya mgongo ni wale walio mahututi: wamepoteza fahamu, wanatetemeka, wamekataa kunyonya. Wengi wao wangekufa hata kama sindano ile isingekuwepo duniani, na baadhi wanaopona hubaki viziwi au na kiungo kilicholegea, kwa sababu ugonjwa wenyewe hufanya hivyo. Jirani aliyekwenda kuzika anajua mambo mawili tu, kwamba mtoto alichomwa mgongo Jumanne na kwamba alizikwa Alhamisi. Ukihesabu kwa miaka 30 kijijini, kama bibi yule alivyohesabu, unapata jibu lilelile alilolipata yeye. Kinachokosekana kwenye hesabu yake ni watoto ambao hawakuchomwa na wakafa vilevile, na hao nani angemwambia?

Degedege nayo ilikuwa na hesabu ya namna hiyo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo walikuta kwamba watu wengi waliitenga degedege na malaria, wakaiona kuwa ni maradhi ya mganga, na wakaamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo alifukizwa kwanza moshi wa kinyesi cha tembo, akaogeshwa majani, na hospitali ikafuata mwishoni. Alipofika hospitali akiwa hoi, akadungwa kwinini na akafa, imani ikapata ushahidi mpya. Kwenye semina tulifundishwa kuziita habari hizi imani potofu, na ninadhani neno hilo limetuharibia kazi, kwa maana ukishamwambia mtu kwamba ana imani potofu unakuwa umejipa ruhusa ya kutomweleza kitu. Mimi nilipoanza kuwachorea akina mama mgongo kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vipimo, nikawaonyesha kwamba uti wenyewe unaishia juu na sindano inaingia chini yake, mahali penye maji, baadhi walikubali palepale. Wengine walikataa bado, lakini walikataa kitu wanachokijua, na mazungumzo yakawa ya watu wawili.

Sasa niwape madaktari haki yao, kwa sababu ipo na ni kubwa.

Mtoto wa kike wa miaka miwili aliletwa na wazazi wake kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa linang'aa jeupe gizani kama la paka. Daktari wa macho alilitazama na kusema ni saratani ya retina, ule uvimbe unaoota nyuma ya jicho na unaowapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ukigunduliwa ukiwa bado umo ndani ya jicho, walio wengi kabisa hupona, lakini mara nyingi kupona huko kuna gharama moja, nayo ni kuling'oa jicho zima. Ukiachwa, unafuata mshipa wa jicho kuelekea kwenye ubongo. Baba yake, fundi seremala, mtu mstaarabu aliyekuwa anamfunga mwanawe kamba za viatu mwenyewe, alisikiliza yote hayo mpaka mwisho na kuuliza swali moja: "Daktari, kwa jicho hili anaona?" Daktari akamjibu ukweli kwamba bado anaona kidogo. "Basi mnataka kumtoa jicho linaloona," akasema baba, akamshika mtoto mkono, wakaondoka kwa utaratibu, wakiaga kila mtu.

Walirudi baada ya miezi minane. Sitaeleza jicho lilivyokuwa, ila niseme kwamba mama alikuwa amelifunika kwa kitambaa cheupe safi kilichofuliwa na kupigwa pasi, na kwamba kitambaa kilikuwa hakilali tena usoni. Mtoto alifariki muda si mrefu. Baba alikuja peke yake kuchukua karatasi za mazishi, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama siku ile ya kwanza tungeweza kumkatalia kuondoka.

Swali lake linastahili kujibiwa kisheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, inataka maslahi yake yatangulizwe katika mambo yanayomhusu, na inakataza mtu yeyote kumnyima chanjo, huduma ya afya na matibabu. Wenzetu wa Kenya wamelipandisha jambo hilo mpaka kwenye Katiba yao ya 2010, ambayo ibara yake ya 53 inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa juu kabisa. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, njia ilikuwepo: afisa ustawi wa jamii angeitwa, shauri lingefunguliwa, mahakama ingeamua. Afisa ustawi wetu alikuwa mmoja, akihudumia watoto waliotupwa, wanawake waliopigwa, na wazee wasio na ndugu, naye alikuwa safarini siku hiyo. Hakuna aliyempigia simu. Nadhani hata angekuwepo tusingemwita, kwa sababu baba hakupiga kelele, na sisi tumezoea kuita msaada wa sheria pale tu mzazi anapotukana.

Kwa jicho la namna ile daktari alikuwa na jambo ambalo mwenzake wa sindano ya mgongo hakuwa nalo, yaani muda. Siku tano au hata kumi zingeweza kutumika kumshawishi yule baba, na hatukuzitumia. Miaka michache baadaye alikuja mtoto mwingine mwenye weupe uleule kwenye mboni, wazazi wakasita kwa maneno yaleyale, na muuguzi mwenzangu akafanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote. Alimpigia simu mama mmoja wa mjini ambaye mtoto wake alikuwa ametolewa jicho, akamwomba aje kliniki na mtoto. Wakaja, mtoto akiwa na jicho lake la bandia, akakimbizana na mpira koridoni kwa nusu saa. Wale wazazi walikaa kwenye benchi wakimtazama, wakijaribu kutambua ni jicho lipi. Jioni walitia sahihi. Nimewahi kuhudhuria mafunzo ya siku nne ya mawasiliano na wateja, yenye posho na chakula cha mchana, ambayo hayakunifundisha hata nusu ya yale niliyoyaona koridoni siku ile.

Damu ni habari nyingine, kwa sababu damu haisubiri. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuingia na damu gramu mbili na nukta kadhaa kwa kipimo cha wekundu wa damu, anapumua kwa kuvuta mbavu, midomo imekuwa na rangi ya majivu, na tofauti ya saa moja ni tofauti ya kuishi na kufa. Wanaokataa damu hawana sababu moja. Wapo wanaoogopa magonjwa, na hofu hiyo ilikuwa kali sana katika miaka ya 1990 nayo haikukosa msingi. Wapo wanaouliza ni damu ya nani, na swali hilo ukilijibu kwa heshima huisha. Wapo pia Mashahidi wa Yehova, ambao kukataa kwao kunatoka katika agizo la Biblia la kujiepusha na damu, na hakutikisiki kwa mchoro wa kalamu.

Nilikuwepo baba mmoja wa imani hiyo alipoambiwa kwamba binti yake hatafika asubuhi bila damu. Mganga mfawidhi aliamshwa kwa simu, akaja na malapa, akamwambia baba kwa unyenyekevu kwamba yeye na daktari wa zamu watatia sahihi wao wawili na kumwongezea mtoto damu, kwa kuwa mtoto hajafika umri wa kujichagulia kufa kwa ajili ya imani. Niliona ule uamuzi ni sahihi na bado nauona hivyo. Mtu mzima akikataa damu kwa ajili yake mwenyewe nitamshika mkono mpaka mwisho, lakini imani ya mtoto wa miaka mitatu hakuna aijuaye. Baba hakubishana. Alisema, "Andikeni kwamba nimekataa." Daktari akaandika. "Nisomee." Akasomewa. Kisha akavuta stuli, akaketi upande wa miguu ya kitanda, na muda wote ule mfuko wa damu ulipokuwa unashuka tone kwa tone alikuwa ameushika unyayo wa mwanawe. Sijui vitabu vya maadili ya tiba vinauitaje ukataaji wa namna ile. Mimi niliuona kama mtu aliyetuomba tumbebee mzigo ambao yeye asingeweza kuubeba na bado akabaki na Mungu wake.

Baada ya kisa hicho ningependa kusema kwamba tulio upande wa hospitali tuamini tunachokijua na tusonge mbele. Linalonizuia ni dripu.

Tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeingia katika mshtuko, mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu, apewe maji ya mshipa kwa haraka. Miongozo ya kimataifa ilisema hivyo, na mimi niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu nikigonga meza. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Kilifi na Profesa Kathryn Maitland, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo, kwa watoto 3,141. Mwaka 2011 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Miongoni mwa watoto waliopewa maji kwa haraka, walifariki kati ya 10 na 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiopewa maji ya haraka, walifariki 7. Nafafanua kwamba watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuhusika, na kwao dripu ni uhai mpaka leo. Lakini kwa wale wengine, jambo tulilolifanya kwa uhakika wote lilikuwa linawaongezea hatari. Nilipoisoma taarifa ile nilikaa kwenye chumba cha chai nikiwapitisha watoto kichwani, kitanda kwa kitanda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika miaka yote ile hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuikataa dripu. Waliipenda, walikuwa wakituomba tuiweke.

Hata kwenye damu tumepaswa kulegeza ulimi. Matokeo ya utafiti mwingine, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba watoto wenye damu kati ya gramu 4 na 6 wasio na dalili za hatari, wakiwa chini ya uangalizi wa karibu hospitalini, hawakutofautiana sana kwa vifo, wawe wameongezewa damu papo hapo au wamesubirishwa kwanza, ingawa karibu nusu ya waliosubirishwa walikuja kuihitaji. Wazazi wangapi wa watoto wa gramu 5 niliwaambia kwamba wanaua? Ile hukumu kali, "mnamuua mtoto", ingetunzwa kwa ajili ya gramu mbili na jicho jeupe, mahali ambapo ni kweli, na kwa kuitumia kila mahali tuliifanya isiwe na uzito popote.

Utafiti ule wa maji ulikuwa na jambo lingine ambalo lilinivutia kama muuguzi. Kwa kuwa watoto waliletwa wakiwa katika hali ya dharura, mzazi aliombwa kwanza neno la mdomo, kwa maelezo mafupi, na ridhaa kamili ya maandishi ilitafutwa baadaye hali ilipotulia. Walielewa kwamba mama anayemwona mwanawe akigeuza macho hawezi kusoma kurasa tatu. Kwenye wodi za kawaida tunafanya kinyume: tunadai sahihi ile saa ambayo mtu hana hata uwezo wa kukumbuka jina la pili la mtoto, na hali ikitulia hatumrudii tena kumweleza nini kilitokea.

Mwaka 2017 mgogoro wa aina nyingine ulijaa kwenye simu za kila mtu. Mtoto Charlie Gard, aliyezaliwa London Agosti 2016 na ugonjwa adimu wa kurithi unaodhoofisha ubongo na misuli, alikuwa anapumua kwa mashine katika Hospitali ya Great Ormond Street. Madaktari walisema mashine izimwe kwa sababu hakuna tiba na huenda anateseka. Wazazi walitaka kumpeleka Marekani kwa tiba ya majaribio na walikuwa wamechangiwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Hospitali ilikwenda mahakamani, jaji Nicholas Francis akaamua Aprili kwa upande wa madaktari, rufaa zikapanda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mtoto akafariki tarehe 28 Julai, wiki moja kabla ya kutimiza mwaka. Wenzangu wodini waligawanyika. Kilichonishangaza mimi ni kwamba kule wazazi walikuwa wanapigania tiba zaidi na hospitali ikisema inatosha, wakati huku kwetu nilizoea hospitali kuomba na mzazi kurudi nyuma. Lakini nilipoyasoma maneno ya wale wazazi niliwatambua. Walikuwa wanasema lilelile la baba fundi seremala: huyu ni wetu, tutakaobaki na kitanda kitupu ni sisi. Huko angalau kila mmoja alijua tangu mwanzo kwamba kauli ya mwisho ni ya jaji, na mtoto alikuwa na mwakilishi wake mwenyewe mahakamani. Kwetu jaji alikuwa bibi kwenye simu, na mtoto hakuwa na mtu.

Mtoto mwenyewe, akishafikia umri wa kuongea, tunamsahau sote wawili. Sheria ileile ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika yanayomhusu. Nimewahi kumhudumia binti wa miaka 13 aliyekunywa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa miaka saba akiambiwa ni za kifua, kwa sababu mama yake alituapisha tusimwambie. Nilikaa upande wa mama kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Aliposoma mwenyewe jina la dawa kwenye simu ya rafiki yake, hakumkasirikia mama. Alitukasirikia sisi, akaacha kliniki kwa miezi miwili, na aliporudi aliniita "mama nesi" kwa sauti ambayo sikuipenda.

Nilistaafu mwaka 2019. Mwaka jana, usiku, binti yangu wa mwisho alinipigia kutoka mji anakoishi. Mtoto wake alikuwa na wiki tano na homa. "Mama," akasema, "tuko hospitali, wanataka kumchukua maji ya mgongo."

Nilimjibu kabla sijafikiri. Nilisema, "Waambie wasubiri kwanza."

"Wasubiri nini, mama?"

Sikuwa na jibu. Miaka 31, mamia ya migongo niliyoikunja mwenyewe na kuishikilia ili daktari apate nafasi kati ya mifupa, na nilikuwa nimesimama jikoni nikiongea kwa sauti ya yule bibi. Nikamwomba ampe daktari simu. Alikuwa kijana, alinisalimu shikamoo, na bila kuulizwa akaanza kunieleza: kwamba mtoto wa umri huo akiwa na homa huwezi kumtegemea kwa dalili, kwamba dawa zimeshaanza, kwamba sindano itaingia chini ya mahali uti unapoishia, kwamba atakayeshikilia mtoto ni muuguzi mzoefu. Nilimwacha amalize yote, ingawa nilikuwa nayajua. Nikamshukuru, akarudisha simu.

"Umesikia?" binti yangu akauliza. "Mimi nilishasaini kabla sijakupigia. Nilitaka tu usikie."